IBN BATTUTA NA MTU WA KISIMANI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi ikawa njia pana kwa waja wake. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyetoka kwao Makka akapokewa na Ansari wa Madina kwa mikono miwili, na Ahli zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Jua, ewe ndugu msomaji, Mungu akuongoze, ya kuwa watu wengi wamelisikia jina la Ibn Battuta, na walijualo juu yake ni kuwa alitembea nchi nyingi kuliko wasafiri wa zama zake. Hilo ni kweli. Lakini mwenye kuisoma khabari yake kwa makini ataona na jambo jingine, nalo ni kuwa safari zile hazikusimama kwa miguu yake peke yake. Zilisimama kwa mikono ya watu asiowajua, waliompa maji, nguo, malazi na neno jema, kisha wakaenda zao. Katika kijitabu hiki twataka kuyaeleza maisha yake kwa ufupi, ila mahali pamoja tu tutakaporefusha, napo ni siku ile alipokuwa kando ya kisima katika bara Hindi, amebakiwa na kiatu kimoja kilichokatwa, akatokewa na mtu asiyemjua.

KUZALIWA KWAKE NA KUTOKA KWAO

Jina lake ni Abu Abdillahi Muhammad bin Abdillahi, wa kabila la Lawata katika Waberberi. Alizaliwa katika mji wa Tanja, pwani ya Maghribi, tarehe 17 Rajabu mwaka 703 wa Hijra, nao ni 1304 wa Miladi. Watu wa nyumba yao walikuwa watu wa elimu na ukadhi, na madhehebu yao ni ya Imamu Malik, Mungu amrehemu.

Tarehe 2 Rajabu mwaka 725, nao ni mwezi wa Juni 1325, akatoka kwao kwa nia ya kuhiji na kulizuru kaburi la Mtume, rehema na amani zimshukie. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mmoja kwa hesabu ya jua. Wazazi wake wawili walikuwa hai, na kuachana nao kuliwauma wote. Alitoka peke yake, hana rafiki wa kuliwazana naye wala msafara wa kufuatana nao.

Alipofika Bijaya akashikwa na homa. Wakamshauri akae mpaka apone, akakataa, kwa kuwa alitaka kama kufa afe akiwa ameelekea Hijazi. Basi akaenda na homa yake, hata njiani akajifunga kwa kitambaa cha kilemba juu ya tandiko la mnyama wake asianguke kwa udhaifu.

Walipokuwa nje ya mji wa Qusantina mvua kubwa iliwanyeshea usiku, wakaingia mjini nguo zimejaa matope. Liwali wa mji akamwona kijana yule, akaamrisha nguo zake zifuliwe. Ihramu yake ilikuwa imechakaa, liwali akampelekea mahali pake nguo nzuri ya Baalbek, na katika ncha yake moja amefunga dinari mbili za dhahabu. Hicho ndicho kipawa cha kwanza alichopewa katika safari yake.

Kisha wakafika Tunis. Watu wa mji wakatoka kuwalaki wasafiri, huyu akimsalimia huyu, na yule akimkumbatia yule. Ibn Battuta akasimama hapana aliyemsalimia, kwani hapana aliyemjua. Upweke ukamshinda, akalia. Mmoja katika mahujaji akaifahamu sababu ya kilio chake, akamwendea, akamsalimia, akawa akizungumza naye kumliwaza mpaka wakaingia mjini.

Zingatia jambo hili. Mtu yule hakutoa mali, wala chakula, wala malazi. Alitoa salamu. Na Ibn Battuta, baada ya kukaa na wafalme na kupewa dhahabu, alipokuja kusimulia safari zake miaka thelathini baadaye hakuisahau salamu ile.

BISHARA YA MISRI NA WAKFU ZA SHAMI

Alipofika nchi ya Misri, mwaka 1326, alikwenda kumzuru Sheikh Abu Abdillahi al-Murshidi, karibu na mji wa Fawwa. Sheikh huyu alikuwa mcha Mungu aliyejitenga na watu, naye alikuwa mashuhuri kwa kuwalisha wageni wake. Ibn Battuta akalala juu ya dari ya zawia, akaota amepanda juu ya bawa la ndege mkubwa, akaruka naye kuelekea Kibla, kisha Yemen, kisha mashariki, mpaka akamtua katika nchi yenye weusi na kijani. Asubuhi sheikh akamfasiria ndoto yake kuwa atahiji, na atasafiri Yemen na Iraki na nchi za Waturuki na Bara Hindi, na huko Hindi atakaa muda mrefu, na atakutana na ndugu yake sheikh, jina lake Dilshad, atakayemwokoa katika shida itakayomfika. Kisha akampa vibumunda na dirhamu kuwa masurufu ya njia, akamuaga. Lishike jina hilo, ewe msomaji, tutalirejea.

Katika mwezi wa Ramadhani mwaka huo akaingia Damaski. Huko aliona wakfu za namna nyingi zilizowekwa na watu wema. Ziko za kuwasaidia wasioweza kuhiji, ziko za kuwakomboa mateka, na ziko za wasafiri, wapewe chakula na nguo na masurufu ya kuwafikisha makwao. Siku moja alipita katika kichochoro, akamwona mtumwa mdogo ameangusha sahani ya Kichina ikavunjika. Watu wakamkusanyikia, na mmoja akamwambia avikusanye vigae avipeleke kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo. Msimamizi akampa thamani ya sahani nyingine, mtoto akasalimika na kipigo cha bwana wake. Yule aliyeweka wakfu huo alikuwa kaburini, wala hakumjua mtoto yule. Akahiji Ibn Battuta mwaka huo huo, kisha akaendelea na safari.

KUFIKA KWAKE PWANI YETU

Mwaka 1331 alipanda chombo kutoka Aden akaja pwani hii ya Afrika Mashariki. Mogadishu alikuta desturi ya vijana kutoka kwa mashua kuzilaki merikebu, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, naye humpa mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Na mgeni akiwa ni mtu wa elimu hupelekwa kwanza kwa sultani.

Mombasa alilala usiku mmoja. Aliwakuta watu wake ni Mashafii, wacha Mungu, na misikiti yao ni ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Katika mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili, na kata ya mti yenye mpini mwembamba ya kutekea maji. Atakaye kuingia huosha miguu yake, akaipangusa kwa kipande cha jamvi kilichowekwa mlangoni. Kata ile haikuwekwa kwa ajili ya mtu fulani. Kila mpita njia alikuwa na haki nayo.

Kisha akafika Kilwa, na sultani wake wakati huo alikuwa Abul Mudhaffar Hasan, aliyepewa lakabu ya Abul Mawahib, maana yake baba wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Siku moja sultani alikuwa akitoka katika sala ya Ijumaa, fakiri mmoja wa Yemen akamkabili njiani, akamwomba nguo alizozivaa. Akarudi ndani, akazivua akavaa nyingine, akampa zile. Fakiri yule alikuwa mgeni, na sultani hakumwuliza ana haki gani juu yake.

HINDI, NA KUANGUKA KWAKE MIKONONI MWA WANYANG'ANYI

Tusirefushe khabari za nchi ya Waturuki na za Khurasani. Aliingia nchi ya Sindi katika Muharram mwaka 734, nao ni Septemba 1333. Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, akamkirimu, akamfanya kadhi, akampa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Akakaa huko miaka, mara amependwa na mara ameogopa nafsi yake, kwani sultani yule alikuwa mwepesi wa kutoa na mwepesi wa kuua.

Kati ya 1341 na 1342 sultani akamtuma awe mjumbe wake kwa mfalme wa China. Akatoka Delhi na zawadi nyingi, na katika hizo walikuwamo farasi mia moja wenye matandiko na hatamu zao, na askari wapandao farasi wa kuwalinda. Walipofika Koil, mji uitwao leo Aligarh, wakakuta vita katika mji wa Jalali ulio karibu, wakaingia vitani, na baadhi ya wenzao wakauawa. Wakangoja hapo amri ya sultani.

Siku moja katika kufukuzana na maadui Ibn Battuta akatengana na wenzake. Akabaki peke yake, akashuka bondeni, akazungukwa na watu kama arubaini wenye pinde. Akajitupa chini ili wasimwue. Wakamnyang'anya kila kitu ila nguo chache za mwilini, wakamwingiza msituni. Kisha wakamkabidhi kwa watu watatu, mzee na mwanawe na mtu wa tatu mkali, naye akafahamu kwa ishara zao kuwa wameamrishwa kumwua. Usiku wakalala pangoni, na yule mkali akashikwa na homa ya kutetemeka. Ibn Battuta akasema na mzee kwa upole, moyo wa mzee ukalainika. Adhuhuri wakaja wengine watatu, wakaulizana kwa nini hajauawa. Katika hao alikuwamo kijana mwenye sura njema. Kijana akamwuliza kama ataka kuachiliwa, kisha akamwachilia. Ibn Battuta akampa juba lake, kijana akampa nguo yake kuukuu, akamwonyesha njia.

Basi tazama: wema wa kwanza katika msiba huu ulitoka miongoni mwa wanyang'anyi wenyewe, kwa mtu asiyekuwa wa nchi yake wala wa lugha yake. Mwenyezi Mungu hutia huruma katika moyo autakao.

MTU WA KISIMANI

Akatembea siku nyingi akijificha, anakula majani ya mimea, anakunywa maji ya mashimo, na vijiji apitavyo ama ni magofu ama ni vya watu anaowaogopa. Siku ya nane kiu ikamshinda. Akafika kwenye kisima kisichojengewa, juu yake pana kamba ya majani, wala hapana chombo cha kutekea. Akafunga kitambaa chake katika kamba, akakinyonya, kiu isikatike. Akafunga kiatu chake, akateka nacho. Mara ya pili kamba ikakatika, kiatu kikazama. Akafunga kiatu cha pili, akanywa mpaka akakata kiu. Kisha akakikata kile kiatu kilichobaki, akawa akijifunga vipande vyake miguuni kwa kamba na matambara, hajui la kufanya.

Alipokuwa katika hali hiyo akatokea mtu mweusi wa rangi, mkononi ana birika na fimbo, na begani ana mkoba. Akamtolea salamu ya Kiislamu, akamwuliza kwa Kiajemi yeye ni nani. Ibn Battuta akamjibu kuwa yeye ni mtu aliyepotea. Yule akasema kuwa naye kadhalika. Akaifunga birika yake kwa kamba aliyokuwa nayo, akateka maji. Ibn Battuta akataka kunywa, akamzuia asubiri kidogo, akafungua mkoba wake, akatoa konzi ya dengu nyeusi zilizokaangwa pamoja na mchele kidogo. Akamlisha kwanza, kisha akamnywesha. Halafu akatawadha akasali rakaa mbili, na Ibn Battuta naye akatawadha akasali.

Yule mtu akamwuliza jina lake, akamwambia ni Muhammad. Naye alipoulizwa jina lake akalitaja kwa Kiarabu, al-Qalbul Farih, maana yake moyo wenye furaha. Ibn Battuta akaliona hilo kuwa ni fali njema. Wakafuatana. Baada ya hatua chache nguvu zikamwisha Ibn Battuta, magoti yakakataa, akakaa chini. Yule mtu akamwambia apande mabegani mwake. Ibn Battuta akaona kuwa mtu yule ni dhaifu, hawezi. Akamjibu kuwa Mwenyezi Mungu atamtia nguvu, akamshurutisha apande, akamwamrisha akariri njiani maneno ya kumfanya Mwenyezi Mungu kuwa ndiye wa kututosha na ndiye Wakili mwema. Akapanda, akayakariri, usingizi ukamchukua. Hakuzinduka ila alipojiona anatua chini. Akafumbua macho, asimwone mtu wala alama yake.

Ewe ndugu, pima jambo hili. Mtu aliyetoka Delhi na farasi mia moja wa kumpelekea mfalme, hakuwa na kipando siku ile ila mabega ya mpita njia ambaye mali yake yote ni birika, fimbo, kamba na mkoba wa dengu.

NGUO ILIYOREJEA

Mahali alipotuliwa palikuwa kijiji kiitwacho Tajpura, farsakhi mbili kutoka Koil. Wenyeji wake walikuwa Mabaniani, na hakimu wao Mwislamu. Wakampasha hakimu khabari, akaja, akamchukua nyumbani kwake, akamlisha chakula cha moto, akamwogesha. Kisha akamwambia kuwa anayo nguo na kilemba alivyowekewa amana na Mwarabu mmoja wa Misri aliyekuwa katika jeshi la Koil. Vilipoletwa Ibn Battuta akastaajabu, kwani vilikuwa ni vyake mwenyewe, alivyompa Mwarabu yule walipofika Koil. Alitoa akiwa na wasaa, vikamrejea akiwa uchi. Na wala hakutoa ili virejee.

Hapo ndipo alipomkumbuka Sheikh al-Murshidi na bishara yake ya miaka kama kumi na mitano nyuma. Kwani jina Dilshad ni la Kiajemi, na maana yake kwa Kiarabu ni lile lile la moyo wenye furaha. Akajua kuwa aliyembeba ndiye aliyetajiwa, akasikitika kuwa hakukaa naye ila kitambo kile kidogo.

MWISHO WA SAFARI ZAKE

Wenzake wakamletea farasi na nguo kutoka Koil, wakaendelea na safari. Lakini zawadi za sultani hazikufika China. Huko Calicut tufani ilizivunja merikebu, mali ikaangamia, na Ibn Battuta akabaki pwani hana ila dinari kumi na busati alilolalia. Akaenda Maldivi akawa kadhi, akafika Ceylon, kisha China. Mwaka 1348 alikuwa Shami katika tauni kubwa, na alipokaribia kwao mwaka 1349 akapata khabari kuwa tauni hiyo imemchukua mamake. Akaenda Andalusi, na mwaka 1352 akavuka jangwa kwenda nchi ya Mali. Mwisho Sultani Abu Inan wa Fez akamwamrisha asimulie, na Ibn Juzayy akaandika. Kitabu kikatimia Desemba 1355. Baada ya hapo akakaa katika ukadhi mpaka akafariki, mwaka 770 wa Hijra kwa kauli iliyo mashuhuri. Mungu amrehemu.

MAZINGATIO

Watu huuliza: je, mtu wa kisimani alikuwa walii, au ni mpita njia tu? Ibn Battuta mwenyewe aliitakidi kuwa ni walii, na sisi Ahlus Sunna twakubali karama za mawalii wala hatuzikanushi. Lakini jihadhari, ndugu yangu, na mlango mmoja wa shetani. Mtu husikia kisa hiki, akasema hiyo ni karama, akajifuta uso, akaenda zake. Hali ya kuwa katika kisa chote lisilokuwa katika uwezo wetu ni moja au mawili: kutoweka kwake, na bishara iliyotangulia. Ama kutoa salamu kwanza, kuteka maji, kugawa konzi ya dengu, kumpa bega aliyechoka, hayo yote yamo katika uwezo wa mimi na wewe. Yaliyo ya Mwenyezi Mungu tumwachie mwenyewe, na yaliyo yetu tuyashike.

Na jua kuwa sharia haikuliacha jambo hili kwa hiari ya nyoyo peke yake. Msafiri aliyeishiwa, naye ndiye ibn sabil, ni mmoja wa makundi manane yenye fungu katika Zaka. Na madhehebu yetu ya Imamu Shafii, Mungu amrehemu, ni kuwa hupewa akihitaji katika safari isiyokuwa ya maasi, hata kama ana mali huko kwao, kwani mali ya kwao haimshibishi njiani. Na aliyedharurika kwa njaa au kiu hata akachelea kufa, ni wajibu kwa mwenye chakula kisichokuwa cha dharura yake mwenyewe kumpa. Na maji yakiwa machache, kiu ya kiumbe chenye heshima hutangulizwa kabla ya udhu, na mwenye kusali akatayamamu. Tazama mtu wa kisimani alivyojua utaratibu: kwanza chakula, kisha maji, kisha udhu na sala.

Basi mgeni ashukaye garini usiku katika mji wako, au akutwaye msikitini baada ya Isha hajui pa kulala, usianze kwa kumwuliza kabila lake na aliyemtuma. Mtu wa kisimani hakumwuliza jina lake ila baada ya kumlisha. Na usijidharau kwa uchache wa ulicho nacho. Mali ya Sultani wa Delhi imezama baharini, na konzi ya dengu yasimuliwa mpaka leo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie katika wenye kuwapokea wageni, na atupe wa kutupokea siku tutakapokuwa wageni sisi, na wa kwanza wa siku hizo ni siku ya kuingia kaburini, ambapo hapana jamaa wala msafara. Amin.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.